Mshono wa Mlangoni

Akina mama, na ninyi akina baba mliokaa karibu na mlango ili muwahi kutoka, nipeni masikio. Simu zitieni mikobani. Leo nina mfano wa mwanamke mmoja mshonaji.

Mwanamke huyu hakushona magauni. Katika nchi yake, nchi ya mbali kando ya bahari, walikuwa na chombo cha kupeleka watu juu. Sisemi juu ya mnazi, wala juu ya mlima. Juu kabisa, mahali ambapo ukitazama chini unaiona dunia yote imejiviringa kama chungwa: bahari na milima, wafalme na wauza karanga, mke mkubwa na mke mdogo, wote ndani ya chungwa moja.

Kwenda huko si mchezo, lakini kurudi ndiko kunakotisha. Chombo kinashuka kwa mwendo ambao risasi mbele yake ni kobe. Hewa inakisugua mpaka kinawaka nje kama chuma cha mhunzi, na watu wamo ndani, wanapumua, wanawaza watoto wao. Kati yao na moto ule kuna nini? Mtasema chuma. Chuma peke yake kingelainika kama mshumaa. Kuna vigae, na kuna mablanketi. Naam, mablanketi, yaliyoshonwa kwa mkono na wanawake. Uzi wenyewe umefanywa kwa mchanga ulioyeyushwa kama kioo, maana uzi wa pamba ungekuwa majivu kabla hujasema amina.

Hebu niambieni, si maajabu hayo? Wasomi wamepiga hesabu zao, mafundi wamejenga, serikali imesimama na bendera, na mwisho wa yote roho ya mtu inakwenda kuning'inia kwenye sindano ya mama mmoja mwenye miwani.

Karakana ilikuwa na wanawake kumi na wanane, na kila mmoja alikuwa na namba yake. Ukimaliza blanketi unatia namba yako pembeni, ndogo kama ukucha. Wakaitana kwa namba hizo mpaka majina ya nyumbani yakasahaulika. Mwanamke wetu alikuwa Mama Saba. Kwa miaka thelathini mshono wake haujafumuliwa hata mmoja. Jina lake liliandikwa ukutani, juu ya wenzake wote, naye alitembea hivyo. Si mnamjua mtu anayetembea kama amebeba keki ya harusi kichwani?

Meza ya pili kutoka kwake aliketi Mama Tisa. Huyu alikuwa mkimya. Umbeya wa saa ya chai hakuuchangia, na mtu asiyechangia umbeya tutamfanya nini, jamani, kama si kumla yeye? Walisema anaringa. Walisema mumewe alimkimbia kwa sababu ya kununa. Hilo la mume lilianzia kwa Mama Saba mwenyewe, ingawa mazishi ya huyo mume alihudhuria, na pilau alikula.

Sheria za karakana zilikuwa mbili. Usiguse mshono wa mwenzako, na usitoke na kitu, hata kipande cha uzi. Ukivunja mojawapo, unaondoka siku hiyohiyo.

Basi ikatangazwa safari ya mwisho. Chombo kimezeeka, wakubwa wameamua: kiende mara moja tu, kirudi, kipelekwe nyumba ya makumbusho watoto wa shule wakakitazame. Na karakana itafungwa. Sasa blanketi la mwisho, lile la kuzunguka mlango wanaopitia watu, apewe nani? Mama Saba, nani mwingine! Tena chombo kikirudi, yeye ndiye atakayetembea mpaka mlangoni, mbele ya wakubwa na kamera, aweke mkono wake pale kwa niaba ya wote walioshona. Akakata gauni. La zambarau, mabega juu.

Siku ya kumalizia blanketi lile, barua zikagawiwa. Kila mtu bahasha yake nyeupe. "Tunakushukuru kwa utumishi wako." Mistari mitatu. Miaka thelathini, mistari mitatu! Mama Saba akaisoma, akaikunja, akaitia kwenye mfuko wa aproni, akarudi kwenye sindano. Lakini mikono haikurudi. Akashona kwa hasira, mishono mirefu ya kushonea gunia la mkaa, kipande cha urefu wa kiganja. Akafunga uzi. Akatia namba yake.

Mkaguzi akapita na kioo chake cha kukuzia. Akaona namba saba.

"Ah, Mama Saba," akasema, kioo akakitia mfukoni. "Hapa nikague nini? Nikague jua kama limetoka?"

Akatia sahihi. Ndivyo walivyokuwa wamezoea. Walikuwa wakikagua namba, mshono wameuacha.

Jioni, Mama Saba anamenya viazi, vidole vikakumbuka. Kisu kikasimama. Akakiona kipande kile kana kwamba kiko mapajani mwake, mishono mirefu kumi na minne, na kati ya mmoja na mwingine nafasi ya moto kupita.

Asubuhi akawahi kazini aseme. Kweli alitaka kusema, tusimwonee. Akakuta blanketi limekwisha fungwa mlangoni mwa chombo, kilichosimama banda la pili, na karakana imejaa wageni. Ilikuwa desturi yao, kila safari watakaokwenda juu huja kwanza kuwashika mikono washonaji. Safari hii walikuwa sita, na mmoja wao mwanamke kijana ambaye hajawahi kwenda. Akaja moja kwa moja kwenye meza ya Mama Saba.

"Shikamoo, mama. Ni wewe uliyeshona la mlangoni?"

"Marahaba, mwanangu. Ni mimi."

"Nina mapacha nyumbani, wana miaka minne. Wameniuliza nitarudije kama nje kuna moto. Nikawaambia kuna bibi mmoja amenishonea blanketi." Akacheka, akaishika mikono yote miwili ya Mama Saba, akaibusu. "Nitalala usingizi huko juu, mama."

Wapendwa, mlango wa kusema ulikuwa wazi kama ule pale. Angesema, "Mwanangu, subiri." Maneno mawili! Lakini nyuma ya yule dada alisimama msimamizi, nyuma ya msimamizi kamera, ukutani jina, na nyumbani gauni la zambarau limening'inia. 

"Mungu akutangulie," akasema Mama Saba.

Mmewahi kuona jina la Mungu likitumiwa kama kifuniko cha sufuria? Msinijibu.

Siku tatu baadaye, wenzake wako kwenye chakula cha mchana, Mama Saba akarudi ndani kuchukua miwani. Akamwona Mama Tisa anashuka ngazi ya chombo, peke yake, kifuko mkononi. Wakatazamana. Mama Tisa akakibana kifuko kwapani, akapita zake.

Mama Saba akageuka, miwani akaiacha. Ameona! Atakwenda kusema! Na mwenye hatia, akina mama, ana mbio kuliko swala. Kabla sahani hazijaondolewa alikuwa amekwisha keti karibu na Mama Nne. Na kumwambia Mama Nne jambo ni sawa na kulisoma kwenye matangazo ya kanisa.

"Shoga, mimi sitaki kusema kitu."

"Usiseme," akajibu Mama Nne, akavuta kiti karibu.

"Nimemwona Tisa anashuka kwenye chombo. Na kifuko."

"Weee! Anaiba vitu vya kumbukumbu!"

"Mimi sijasema anaiba."

"Hujasema, nimesema mimi. Nilijua tu, kimya kile hakikuwa cha bure."

Saa tisa alasiri msimamizi alisimama mbele ya meza ya Mama Tisa, wanawake wote wakitazama. Akamimina kifuko mezani. Vikatoka vipande vya uzi wa kioo, vilivyokatwakatwa, wa kujaza kiganja kimoja.

"Umevitoa wapi, mama?"

Mama Tisa akavisogeza vipande pamoja kwa kidole.

"Nakuuliza kwa heshima. Miaka ishirini na sita uko hapa. Niambie ni vya nini, tuyamalize."

Mama Tisa akainua macho, akamtazama Mama Saba. Akamtazama kwa kitambo cha kutosha kutunga uzi kwenye sindano. Mama Saba akainama, akajifanya anatafuta kitu kwenye kopo la vifungo.

"Sina la kusema, bwana," akasema Mama Tisa. Akavua aproni, akaikunja vizuri pembe kwa pembe, akatoka. Wiki moja tu kabla ya safari. Hakuna aliyempa mkono. Mama Nne alimfuata mpaka dirishani, lakini ni kutaka kuona kama analia.

Na Mama Saba akabaki na hesabu yake. Amechomoa uzi, akawaza. Mshono wangu ulikuwa umelegea, naye akauchomoa apate kumbukumbu. Basi sasa pale pako wazi kabisa. Mama Saba alilijua hilo, na bado hakusema! Angesema sasa, wangemuuliza mbona hakusema juzi. Neno ukilizuia mara ya kwanza, mara ya pili linakuja na mawe.

Siku ikafika. Watu walijaa pwani wasihesabike, wengine wamelala hapo hapo na masufuria yao. Wakahesabu kinyumenyume, kumi, tisa, nane. Ukaja mwanga kwanza, bila sauti. Halafu sauti ikafika, ikaingilia kifuani kabla ya masikio. Vyuma vya ua vikatetemeka, ndege wote wa mabwawani wakaruka kwa pamoja. Na chombo kile, kizito kama kanisa hili na shule ya jirani na benchi zake, kikasimama juu ya moto wake, kikapanda. Wanaume wenye ndevu walilia kama watoto. Wenye dini walipiga magoti, wasio na dini wakavua kofia wasijue wanamvulia nani. Nawaambia, binadamu ni udongo, lakini siku nyingine Mwenyezi Mungu anauachia udongo huo upande mpaka mlangoni kwake ukapige hodi.

Mama Saba hakuona moto. Alitazama mlango wa chombo tu, mpaka chombo kikawa nyota, mpaka nyota ikaisha.

Siku kumi na mbili zilifuata. Kwenye televisheni walimwonyesha yule mama wa mapacha akielea, nywele zimesimama wima, anawaonyesha wanawe dunia dirishani. Ilikuwa buluu, inazunguka polepole, na hewa yetu yote hii tunayovuta tangu Adamu ilionekana pembeni nyembamba kama ganda la kitunguu. Majirani walipiga vigelegele. Mama Saba alikuwa jikoni, ameshika mwiko, chakula kimeungua.

Asubuhi ya kurudi akavaa gauni la zambarau, akasimamishwa mbele, karibu na barabara ambapo chombo kingetua. Kuna dakika chache, wanasema wanaojua, ambazo moto unakizingira chombo hata redio haipenyi. Wa chini hawasikii kitu. Wa juu hawawezi kuita. Watu elfu na elfu walisimama wakitazama mbingu tupu, na hakuna aliyekohoa. Mama Saba alianza sala tatu na hakumaliza hata moja. Akasema, Ee Mungu, mshono. Akasema tena, Mungu wangu, mshono, na watoto wale wawili. Gauni lilimshika mgongoni kwa jasho.

Kisha angani zikapiga ngurumo mbili, puu, puu, na mtu mmoja akapiga kelele, "Kile pale!" Chombo kikatokea kwenye mawingu, cheupe kama ndege, bila injini kuvuma, bila haraka, kama kitu kilichoachiliwa na mkono. Kikagusa ardhi. Kikasimama. Mlango ukafunguka, wakatoka mmoja, wawili, watatu, wanne, watano. Wa sita alikuwa yule dada. Alifika chini, akakaa barabarani kama mtoto, akaipapasa lami kwa viganja.

"Mama Saba, zamu yako," msimamizi akamnong'oneza.

Akatembea. Makofi yakapigwa. Blanketi lilikuwa limebadilika rangi kwa moto, limekuwa la kijivu, hapa na pale jeusi. Akaweka mkono mlangoni kama alivyoagizwa, na vidole vyake vikateremka vyenyewe kwenda mahali pale, kiganja kimoja kutoka kwenye pembe.

Mishono ya gunia haikuwapo.

Palikuwa na mishono midogo, imebana, imepangana kama punje za mtama kwenye suke. Ilikuwa mizuri kuliko yake. Na yote ililalia kushoto. Katika karakana ile nzima, mtu wa mkono wa kushoto alikuwa mmoja tu.

Na pale pembeni namba ilikuwa ileile. Saba.

Sasa ndipo akavielewa vile vipande vya uzi mezani. Ulikuwa uzi wake yeye, uliofumuliwa. Akaanguka mbele ya kamera zote, na watu wakapiga makofi zaidi, wakidhani ni furaha.

Hakungoja keki. Akaenda na gauni lake la zambarau mpaka nyumbani kwa Mama Tisa, akamkuta barazani anachambua mchele.

"Karibu, Saba. Wamefika?"

"Wamefika."

"Wote sita?"

"Wote sita."

"Basi," akasema Mama Tisa, akarudisha macho kwenye ungo.

"Tisa, ule mshono ni wako."

"Mm."

"Walikuita mwizi! Mimi nipo pale, na ulikuwa unajua. Mbona hukusema?"

"Siku ya barua niliiona mikono yako. Na siku ile nilikutazama, nikangoja useme wewe." Akatupa punje ya jiwe uani. "Hukusema. Ningesema mimi, wangekufukuza na wewe. Na ya nini, wakati kazi imekwisha kamilika? Wa kutoka alitosha mmoja."

"Na namba yangu ukaiacha."

"Ningetia yangu wangejua. Halafu, mwenzangu, moto unajua kusoma namba?"

Mama Saba akalia. Mama Tisa akamwacha alie. Alipotulia kidogo akasema, "Kesho nitakwenda kwa msimamizi. Nitasema yote, mbele ya wote, Mama Nne akiwapo."

"Nenda. Tena mwanzie huyohuyo Nne, atakupunguzia safari." Akausogeza ungo katikati yao. "Ila leo keti. Mchele huu una mawe, na macho yangu siku hizi hayako sawa."

Mama Saba akaketi chini na zambarau yake, akachambua.

Wapendwa, mfano umeishia hapo. Sasa tuje kwetu. Sisi ni nani katika habari hii? Naona wengine mmekwisha jichagulia kuwa Mama Tisa. Haraka hiyo! Sisi ni Mama Saba. Tumekaa viti vya mbele, jina liko ukutani, watu wanatupigia makofi kwa sababu nyumba haikuungua, ndoa haikuvunjika, mtoto hakupotea, na sisi tunadhani ni mkono wetu. Una hakika ni mkono wako? Umeugeuza mshono ukautazama umelalia upande gani? Pengine kuna mtu alipita wakati wewe unakula, akafumua ulichoharibu, akakishona upya, akakuachia namba yako. Na malipo yake ni kwamba tulimwita mwizi.

Yupo Mmoja aliyetutendea hivyo sote, akabeba kosa lisilo lake, akanyamaza. Kila Jumapili tunamwimbia, na sauti tunazo. Lakini leo sitaki tujifiche kwake. Ni rahisi kumlilia aliyeko mbinguni ukampita aliyeko mtaa wa pili.

Tazameni benchi la tatu, upande wa dirisha. Kuna nafasi ya mtu pale, na ni mwezi wa nne sasa. Mnamjua. Tulisema amechukua masufuria ya umoja wa akina mama. Nani alimuuliza? Hakuna. Nani alisema? Wote, na mimi mnayeniona hapa nililipokea neno hilo likiwa dogo, nikalipeleka mbele limenenepa. Na masufuria yale, wiki hii mzee wa kanisa ameyakuta kwa fundi. Yalikuwa yametoboka. Yeye ndiye aliyeyapeleka yakazibwe, ili sisi tusiaibike siku ya wageni.

Kwa hiyo chai ya leo itasubiri. Nyumba yake haiko mbali, ni hapo tu mbele ya kisima. Mimi natangulia, magoti yangu mnayajua, sitakimbia; mtanikuta njiani. Anayekuja na ainuke.